Kuinama Bila Jembe

Huku kwetu Makwale, Kyela, mtu hainami bure. Mwanamke akiinama kwenye jaruba, anapandikiza mpunga. Mwanamume akiinama chini ya mti wa kokoa, anaokota tunda lililodondoka. Watu huinama kuwaamkia wakubwa, huinama kanisani, huinama kando ya kaburi kuchota udongo wa kutupia. Kila mgongo unaopinda una sababu, na jirani anaweza kukutajia sababu hiyo kabla hujamuuliza. Kwa hiyo nilipoanza kuinama kila alfajiri kwenye sakafu ya uwanjani kwangu, bila jembe, bila mkubwa wa kumwamkia na bila maiti, watu walinivumilia kwa muda kama wanavyomvumilia mgonjwa, kisha wakadai maelezo.

Maelezo ninayo. Niliyachelewesha kwa sababu nilitaka kuyaandika vizuri, na kwa muda mrefu sikuweza kuandika kitu chochote vizuri. Hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia.

Yoga niliianza chuo kikuu, na niliianza kwa nia isiyo safi. Kulikuwa na mwalimu wa hisabati aliyekuja kutoka India kufundisha kwa mwaka mmoja, mama mfupi aliyekuwa akituamuru kwa sauti ndogo kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Alfajiri alisogeza meza za ukumbi wa chakula ukutani na kuwafundisha wanafunzi kupumua. Mimi sikuwa na shida ya kupumua. Shida yangu ilikuwa msichana mmoja aliyekuwa akienda huko na kanga begani, nami nikaona nimfuate. Yeye aliacha mapema sana, akasema sakafu ile inanuka maharage na hawezi kutafuta utulivu wa moyo kwenye harufu ya maharage. Mimi nikabaki. Nilikuwa nimefuata msichana nikaishia na yoga, na kwa bahati ambayo sijawahi kuielewa, msichana naye nikampata. Leo ni mke wangu, anafanya kazi hospitali Mbeya mjini, na huja nyumbani kila mwanzo wa mwezi kuangalia kama bado nina akili timamu.

Kwa miaka zaidi ya ishirini niliishi Dar es Salaam nikihariri vitabu, vingi vikiwa vya shule, kazi ya kuondoa makosa ya wengine bila mtu kujua kwamba yalikuwepo. Alfajiri, kabla ya foleni za magari, nilitandika mkeka wangu wa mpira kati ya kitanda na kabati, nikajinyoosha, kisha nikakaa kuandika makala zangu mwenyewe. Makala hizo zilisomwa na watu wachache waaminifu, wengi wao ndugu. Sikuwahi kujiuliza kama mambo hayo mawili, kujinyoosha na kuandika, yana uhusiano. Mtu hajiulizi kama chai na sukari vinafahamiana.

Mapenzi ya siku nyingi hayafi kwa kishindo. Yanapoa kama uji uliosahauliwa mezani. Ukiurudia unakuta umeota ngozi juu. Miaka ya mwisho ya Dar nilikuwa nikifanya yoga kama mtu anayesali huku akiwaza mboga. Mikono ilikwenda juu, ikashuka chini, na kichwa changu kilikuwa tayari ofisini kinagombana na mtu kuhusu alama za nukta. Nilipoacha kazi na kurudi Makwale, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba, nilikunja mkeka ule nikauweka juu ya kabati. Hakuna aliyenikataza kuutandika. Niliona aibu tu. Nilijiona nimetandika mpira wa buluu katikati ya watu wanaotoka na majembe, nikasema hapana. Aibu ya mtu aliyesoma ni mbaya kuliko ya asiyesoma, kwa sababu huja na hoja. Nilijiambia kwamba yoga ni ya mjini, kwamba kijijini mwili utapata mazoezi wenyewe, kwamba sasa nimekuja kuandika kitabu na kitabu kinahitaji kukaa.

Nikakaa. Nilikuwa nimemtangazia kila mtu kuhusu kitabu hicho, kosa ambalo siwezi kumshauri mwandishi yeyote alifanye katika kijiji cha wakulima. Ukisema umepanda, watu wanauliza umevuna nini. Dada yangu mkubwa, mjane ambaye ndiye mwendeshaji wa nyumba, wa mpunga, wa kokoa na wa mimi, alikuwa akiniuliza kila jioni kimefika wapi. Ningesema nini? Masika yote nilikaa kwenye meza ya dirishani. Niliandika sentensi moja kuhusu mvua, nikaifuta, na mvua ikaendelea bila mimi. Mwezi wa tano ulipoisha nilikuwa na maumivu ya kiuno, kitambi kilichogusa meza kabla ya mikono, na ukurasa mweupe kuliko shati la kipaimara.

Kilichonitoa hapo hakikuwa hekima. Kilikuwa hasira.

Msimu wa kokoa ulipoanza, nilikwenda nyuma ya nyumba kumsaidia dada kuvundika. Mbegu mbichi, pamoja na ule ute wake mweupe, hujazwa kwenye sanduku la mbao, zikafunikwa majani ya migomba na magunia zipate joto, na baada ya siku kadhaa huanikwa juani. Nilifunua gunia la juu nikaona kitu cha buluu. Mkeka wangu ulikuwa umelala juu ya kokoa, umelowa, umejipinda, umejaa madoa ya kahawia.

Dada hakuona kosa. Alisema ulikuwa umekaa juu ya kabati hauna kazi, na unashika joto kuliko gunia.

Niliuvuta ule mkeka kana kwamba namtoa mtu kwenye maji. Niliusugua kwa majivu na sabuni, nikauanika. Madoa yalififia lakini harufu ilikataa katakata: harufu ya siki na ndizi zilizopitiliza, ambayo kila mtu wa Kyela anaijua na hakuna anayeipenda hadi awe mbali na nyumbani. Kesho yake, kabla jua halijapanda milima ya mashariki, niliutandika katikati ya sakafu ya saruji ambako tunaanika mpunga, mbele ya macho ya yeyote aliyekuwa na macho. Sikufanya hivyo kwa ajili ya afya. Nilitaka ionekane kwamba mkeka ule una kazi.

Mwili wangu ulinipokea kama mwenye nyumba anavyompokea mpangaji aliyetoroka na ufunguo. Niliinama kugusa vidole vya miguu, nikafika magotini, nikaomba radhi nikarudi juu. Kila kiungo kililalamika kwa lahaja yake. Nilicheka peke yangu, na nadhani mapenzi yalianza kurudi pale pale, kwenye kicheko, kwa sababu nilikuwa sijacheka nikiwa kwenye mkeka kwa miaka mingi. Nilikuwa hodari kwa muda mrefu mno. Sasa nilikuwa mbovu, na mtu mbovu analazimika kuwepo.

Siku moja, wiki hizo za mwanzo, nilikuwa kwenye ule mkao wa mbwa anayejinyoosha: mikono chini, miguu chini, makalio juu, kichwa kinaning'inia katikati. Nikiwa hivyo nilimwona dada yangu kinyumenyume. Alikuwa ameshaanika mpunga upande wa pili wa sakafu na alikuwa akiugeuza kwa miguu kama tunavyofanya, anaburuta nyayo polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na nyuma yake inabaki mistari iliyonyooka. Kuku walikuwa wanatembea kwenye dari. Migomba ilikuwa imeshika mbingu kwa mizizi. Na ile mistari ya mpunga, kwa kuwa niliitazama kutoka upande usio wake, ilikuwa mistari ya daftari. Nikamkumbuka baba akifanya kazi ile ile, na sentensi ikaja nzima, na viatu vyake miguuni: Baba yangu hakusoma sana, lakini kila msimu aliandika uwanja mzima kwa miguu.

Niliinuka haraka hadi nikaona nyota. Niliiandika nyuma ya kalenda ya kanisa. Ndiyo sentensi ya kwanza ya kitabu changu, na haijabadilishwa hata nukta, ingawa mimi ni mhariri.

Tangu hapo ikawa hivyo. Sitadai kwamba yoga inatibu malaria au inarefusha maisha. Watu wanaodai hivyo nimehariri vitabu vyao. Ninachodai ni kidogo na sitakirudisha. Mtu anayekaa wima siku nzima huona vitu kama alivyozoea kuviona, na mwandishi aliyezoea hana cha kuandika. Mimi nahitaji kupinduliwa kila asubuhi, kama mpunga, nisije nikaoza upande wa chini.

Basi nikawa mtu mwenye furaha, hali ambayo katika ukoo wetu haidumu bila kikao.

Mwezi wa saba mwanangu wa kwanza alioa. Yeye hufanya biashara ya mchele mpakani, huenda na kurudi Malawi, na kwa kuwa nyumba yake haijapauliwa alimleta mkewe akae nasi. Ni binti wa Ipinda, mwenye bidii, na sura yake siwezi kuieleza kwa sababu siijui. Kwa mila yetu mke wa mwana na baba mkwe huogopana. Hawatazamani, hawakutani njiani, hawakai chumba kimoja, na jina la baba mkwe halitoki kinywani mwake. Siku hizi wengi wamelegeza. Zipo nyumba ambazo mkwe na baba mkwe wanatazama taarifa ya habari kwenye kochi moja. Lakini huyu alilelewa na bibi yake, na bibi alimfunda asibakize kitu. Nikikohoa ukumbini, nilisikia mlango wa nyuma ukifungwa. Nikitoka mlango wa mbele, kanga ilipotea kwenye kona. Nilimfahamu kwa nyayo zake kwenye vumbi na kwa chai yake, ambayo ilikuwa nzuri kuliko ya dada, jambo ambalo naliandika nikijua dada hasomi makala zangu.

Siku za mwanzo za ujio wake niliona badiliko uwanjani. Alfajiri zilikuwa na utulivu ambao sikuwahi kuupata. Hakuna ndoo iliyogongwa, hakuna mlango uliolia, hakuna aliyepita na kuni. Nilijinyoosha katikati ya kimya kama cha kanisa siku ya Jumatatu. Nikajiambia kwamba hatimaye nyumba imeelewa. Wameona mtu anafanya jambo la maana, wamenipa nafasi yangu. Nilirefusha mazoezi. Niliongeza ile mikao ya polepole. Kitu kimoja tu kilinikera, kwamba chai ilikuwa ikichelewa, na nilimwambia dada, kwa upole wa mtu aliyeinuka kiroho, amweleze binti ajitahidi kuamka mapema.

Kesho yake dada alitoka. Nilikuwa kwenye ule mkao wa mbwa. Niliona miguu yake kwanza, imesimama pembeni mwa mkeka.

"Mdogo wangu," alisema, "unajua mke wa mwanao yuko wapi saa hizi?"

Nilisema kwamba nadhani amelala.

"Hajalala. Amesimama nyuma ya mlango tangu jogoo wa kwanza, amebana miguu. Choo kiko ng'ambo, na njia ya chooni umeiziba wewe kwa makalio."

Nilishuka kutoka kwenye mkao ule taratibu, kama mtu anayeshusha bendera ya nchi iliyoshindwa. Nilikunja mkeka nikaingia ndani nikafunga mlango. Baada ya muda mfupi sana nikasikia nyayo zikikimbia uwanjani, kimya kimya, kwa adabu zote.

Jumapili baada ya ibada kikakaa kikao. Alikuja baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, mzee wa kanisa ambaye bado analima mwenyewe na ana miguu iliyonyooka kama mwanzi. Mwanangu alikuwa safarini. Dada alieleza kwamba habari zimeshafika Ipinda: kwamba binti yao ameolewa kwenye nyumba ambayo baba mkwe anaamka kabla ya jua kumwinulia mkwewe makalio. Mama yake anakuja mwisho wa mwezi kujionea. Akiona ni kweli atamchukua, na mwanangu atabaki na nyumba isiyopauliwa na kitanda kitupu. Dada alisema haya bila kupandisha sauti.

Baba mdogo akaanza upande wa dini. Aliuliza kama yale si maombi ya Wahindi. Nilimwambia sisali pale, napumua, na pumzi ni ileile anayoitumia yeye kwenye kwaya. Hakuridhika wala hakubisha. Alihama tu, kama mtu anayehamisha mbuzi kwenye majani mengine.

"Mwanangu, sisi tulikusomesha," alisema. "Uliondoka hapa unajua kuinama kama watu. Sasa unainama bila jembe. Unalima nini hapo kwenye saruji?"

Dada alicheka kidogo, akajifunika mdomo. Nami nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga, na ambalo naliandika hapa kama lilivyotoka.

"Baba, maisha yangu yote nimeinama kwa ajili ya watu. Nimeinamia walimu, mabosi, wachapishaji. Hili la kuinama bure ndilo peke yake lililo langu. Mkilichukua, kitabu nacho mmekichukua."

Baba mdogo akasema kitabu hicho hakijaonekana bado, kwa hiyo hakuna aliyekichukua. Wakaamua: nijinyooshe ndani, au niache.

Ndani hakukuwezekana. Ilikuwa baada ya mavuno, na chumba changu, kama vyumba vyote vya Makwale msimu huo, kilikuwa kimegeuka ghala. Magunia ya mpunga yalifika darini na kubakiza njia ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Nilijaribu. Niliinua mguu nikapiga gunia, gunia likamwaga, panya wakatoka kuuliza kulikoni. Wakati huo wote mke wangu alikuwa upande wa pili wa simu, na alichoniambia tu ni kwamba yeye aliacha tangu zamani, kwa sababu ya maharage.

Kwa hiyo nikaacha. Nilikaa kama mtu mwema. Binti wa watu alikwenda chooni kwa amani, chai ikaja kwa wakati, na mimi nilikaa kwenye meza ya dirishani nikitazama sura ya kwanza ya kitabu ambayo haikutaka kuzaa ya pili. Wema wangu haukuandika hata mstari. Kila asubuhi niliamka na maneno mdomoni, na kila jioni yalikuwa yamenyauka. Nilikuwa narudi kulekule kwenye masika, na safari hii nilijua jina la ugonjwa na jina la dawa, na dawa ilikuwa juu ya kabati inanukia siki.

Mchana mmoja nikiwa hapo mezani, nilisikia nyayo nje ya dirisha. Mkwe wangu alikuwa anageuza mpunga. Nilitazama ukuta, kama inavyotakiwa. Kuku walikuwa wamevamia, naye alikuwa akiwafukuza, na ghafla sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayezungumza na wenzake.

"Nyie kuku," alisema, "mnakula tu mpunga wa watu, hata salamu hamfikishi. Mngekuwa na adabu mngemwambia mwenye nyumba kwamba mimi sikumshitaki kwa mtu. Midomo ya watu ndiyo iliyofika Ipinda, si yangu."

Kalamu yangu ilisimama hewani. Mila inakataza azungumze nami. Kuhusu kuku haisemi kitu.

"Mwambieni uwanja ni mkubwa," aliendelea, akiburuta nyayo. "Mianzi ipo kule mtoni. Aweke ua hapo katikati, njia ya chooni ibaki upande huu. Na akitaka kutoka akohoe, nitajua. Ndiyo hivyo tu. Watu wazima wamekaa kikao kizima, hakuna aliyewaza mianzi."

Alikwenda hadi mwisho wa sakafu, akarudi. Nilidhani amemaliza.

"Na mumuulize ile pumzi anaivuta vipi," alisema kwa sauti ya chini zaidi. "Nilikuwa naisikia pale mlangoni. Tangu tupandikize mpunga mgongo wangu haujakaa sawa, na yeye mzee, nasikia, anainuka asubuhi hajishiki kiuno."

Neno mzee lilinichoma, lakini mtu hawezi kuchagua sehemu za ujumbe. Nilikohoa. Nikawaambia kuku, kwa sauti ya kutosha, kwamba nimesikia, na kwamba wampelekee aliyewatuma ndaga, asante. Nyayo zikatoweka haraka kuelekea jikoni.

Ua niliujenga mwenyewe, na yeyote akipita Makwale ataona hivyo. Baba mdogo alikuja kutazama nikifunga mianzi kwa kamba za migomba. Aliuzunguka mara kadhaa, akasema mbuzi akiuona ua ule atadhani ni mwaliko. Aliuliza unazuia nini. Nilimwambia unazuia macho, ili mtu aweze kuinama bila jembe na mtu mwingine aweze kwenda chooni bila aibu. Alitafakari. Akasema kikao kilitaja ndani na kilitaja kuacha, ua hakikuutaja. Nilimwambia ndiyo maana naujenga.

Kesho yake alfajiri nilikohoa, nikasubiri, nikatoka. Nilitandika mkeka. Upande wa pili nikasikia gunia likikung'utwa na kutandikwa. Kuku walikuwa upande wangu, wanachakura. Nikawageukia.

"Kuku," nikasema, "leo tunaanza na kusimama. Miguu iachane kidogo, upana wa nyonga. Usikaze magoti. Vuta pumzi kwa pua, polepole, kama unanusa wali unaoiva kwa jirani na hutaki ajue."

Upande wa pili pumzi ilivutwa.

Nilikuwa sijawahi kumfundisha mtu. Mwili wangu ulijua mikao ile kwa miaka mingi, lakini ulijua kama bubu. Sasa ilinibidi nitafute neno kwa kila kiungo, na neno lenyewe liwe wazi, kwa sababu nisingeweza kuonyesha kwa mkono wala kuona kama nimeeleweka. Nikisema vibaya, mtu nisiyemwona ataumia mgongo. Nikazungumza na kuku juu ya uzito unavyotua kisiginoni, juu ya bega linalopanda masikioni kwa woga bila mwenyewe kujua. Nikagundua, huku nimeinama, kwamba kumweleza mtu usiyeweza kumwona namna ya kusimama ndiyo kazi ya kuandika, hakuna nyingine. Msomaji daima yuko nyuma ya ua. Unakohoa kumjulisha umefika, unasema kwa uangalifu, na unasikiliza kama anapumua. Miaka yote ya Dar niliandika kama mtu aliyekaa mbele ya kioo. Siku ile niliingia ndani nikaandika sura ya pili bila kunywa chai, na chai ilikuwepo.

Dada alinikuta siku chache baadaye nikiwaeleza kuku jinsi ya kusimama kwa mguu mmoja. Alisimama muda mrefu na ungo wake kiunoni.

"Sasa unawafundisha kuku," alisema.

Nilimjibu kwamba kwa mguu mmoja wao wamenizidi, na ilikuwa kweli, maana jogoo alikuwa amesimama pale na mguu wake mmoja umefichwa manyoyani, ametulia kama askofu. Dada alitazama jogoo, akatazama ua, akasikiliza. Sijui alisikia nini. Aliondoka na ungo wake, na jioni hakuniuliza kitabu kimefika wapi. Kwa dada yangu huo ni ubatizo.

Mwisho wa mwezi mama mkwe wa mwanangu alifika kutoka Ipinda. Alikaribishwa, akala wali na samaki, akakaa na binti yake jikoni mlango umefungwa. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu, na ukweli ni kwamba sikuweza kusoma hata nilichokwisha andika. Dada, aliyekuwa akipepeta mchele nyuma ya mlango huo, ndiye aliyenisimulia baadaye. Mama alimuuliza binti moja kwa moja kama ni kweli baba mkwe wake huinama uwanjani akamwonyesha nyuma yake. Binti alijibu kwamba tangu aingie nyumba ile hajawahi kumwona baba mkwe wake ameinama, amesimama wala amelala. Hajawahi kumwona kabisa. Mama akasema basi kumbe ni nyumba yenye adabu, akaomba maji ya kunawa.

Binti hakusema uongo hata kidogo. Nimehariri watu wa sheria ambao hawakuweza kuandika sentensi safi kama ile.

Bado wapo wanaosema. Wapo wanaopita barabarani na kurefusha shingo juu ya ua, na kwa kuwa niliujenga mimi, hawahitaji kuirefusha sana. Kanisani kuna mama mmoja ananiombea kwa sauti. Sasa watoto wananiita Mwalimu wa Kuku. Sina nia ya kumweleza kila mmoja wao. Wale wanaotaka kujua ninalima nini kwenye saruji watakisoma kitabu kikitoka, na kisipotoka nitaendelea kuinama vilevile, kwa sababu nilipolianza jambo hili sikuwa nalima, na sitakubali kuligeuza shamba ili nipewe ruhusa.

Leo asubuhi baba mdogo alipita kwenda jarubani kwake, jembe begani. Alisimama mahali ambapo ua umelegea zaidi, tukaamkiana mugonile, yeye amesimama na mimi kichwa chini.

"Bado unainama bila jembe?"

"Bado, baba."

Aliguna, akausogeza mwanzi mmoja uliokuwa umelala, akausimamisha mahali pake, akaenda zake. Nilingoja hatua zake ziishe barabarani. Kisha nikakohoa, na upande wa pili gunia likakung'utwa.